Pasi Ibaki Nyumbani: Namna ya Kutoka Nadhifu Ndani ya Meli ya Kitalii

Kabla sanduku la abiria halijapandishwa kwenye meli ya kitalii, hupitishwa kwanza kwenye mashine ya eksirei pale bandarini. Walinzi hutafuta silaha, dawa za kulevya na chupa za pombe zilizofichwa, kama wafanyavyo walinzi wa kila mahali. Lakini kuna kitu kingine wanachokitoa masandukuni siku nenda siku rudi, kitu ambacho mwenyewe alikipakia kwa nia njema kabisa: pasi. Hubandikwa karatasi yenye namba ya chumba, huwekwa stoo, na mwenyewe hurudishiwa siku ya mwisho ya safari, wakati mashati yake yameshavaliwa yakiwa yamejikunja wiki nzima.

Royal Caribbean, Carnival, Norwegian na MSC, kampuni zinazobeba sehemu kubwa ya watalii wa baharini duniani, zote zimeiweka pasi katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa vyumbani. Haisaidii kununua ile ndogo ya safari. Kile kifaa cha mkononi cha kunyooshea nguo kwa mvuke, ambacho maduka ya mtandaoni hukinadi kuwa rafiki wa msafiri, nacho kimo katika orodha hiyo hiyo. Abiria wa mara ya kwanza hulijua hilo akiwa amechelewa. Masanduku ya majirani yameshafika milangoni, lake halionekani, kisha anaambiwa ashuke kwa walinzi akalifungue mwenyewe.

Kwa mtu aliyelelewa Afrika Mashariki, hili si jambo dogo. Huku kwetu mtoto hatoki kwenda shule na shati lenye makunyanzi, na mahali ambapo umeme haujafika, au umekatika, pasi ya mkaa hupepewa alfajiri ili baba aende kazini na suruali yenye mstari. Unadhifu ni heshima kwa nafsi na kwa unaokutana nao. Sasa mtu huyo huyo aambiwe akae baharini siku saba, ale chakula cha jioni ukumbini kati ya watu waliovalia suti na magauni marefu, na pasi asiwe nayo. Atafanyaje?

Inawezekana, tena bila taabu kubwa. Ila kazi yenyewe haianzii melini. Sehemu yake kubwa humalizika nyumbani, siku ya kuchagua kitambaa na siku ya kupanga sanduku.

Kwanza, lakini, marufuku yenyewe itendewe haki, maana abiria wengi huiona kuwa ujanja wa kampuni wa kuwauzia huduma ya dobi.

Tarehe 20 Julai 1998 meli ya Ecstasy ya kampuni ya Carnival iliondoka Miami kuelekea Key West ikiwa na abiria zaidi ya 2,500 na wafanyakazi zaidi ya 900. Ilikuwa haijafika mbali. Muda mfupi baada ya saa 11 jioni, moto ulizuka katika chumba kikuu cha kufulia. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilichunguza na kukuta kwamba wafanyakazi waliokuwa wakichomelea chuma ndani ya chumba hicho waliwasha vumbi la nyuzi, lile vumbi laini la nguo ambalo kila mwenye mashine ya kukaushia hulitoa kwenye chujio. Moto ulisafiri ndani ya njia za kutolea hewa hadi sitaha ya nyuma zilikohifadhiwa kamba za kufungia meli, nazo zikalipuka kwa moshi mweusi ulioonekana kutoka ufukweni na kurushwa moja kwa moja na televisheni. Meli ilipoteza nguvu ya kujiendesha, ikavutwa na boti. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini hasara ilikadiriwa kuzidi dola milioni 17.

Hapo chanzo hakikuwa pasi. Somo lake ni jingine: nguo, nyuzi na joto vikikutana baharini, vumbi tu linatosha kusimamisha meli ya abiria 2,500. Mabaharia wanaijua historia nzito kuliko hiyo. Aprili 1990, kivuko cha Scandinavian Star kilichokuwa kikitoka Norway kwenda Denmark kilichomwa kwa makusudi na watu 159 wakafa, wengi wao kwa moshi. Mkasa huo ulisukuma mabadiliko ya mwaka 1992 katika Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, ule ambao toleo lake la kwanza liliandikwa mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic.

Nchi kavu, moto ukizuka, gari la zimamoto huitwa na watu hukimbilia barabarani. Melini zimamoto ni wafanyakazi wenyewe, na barabara ni bahari. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, inaweza kubeba abiria 7,600. Hata kama mmoja tu kati ya kila mia atasahau pasi ikiwaka juu ya kitanda huku akikimbilia chakula cha jioni, hizo ni pasi 76. Kampuni zina haki ya kukataa, na abiria anayeificha kwenye soksi anacheza na roho za watu wengine.

Basi turudi kwenye nguo.

Pasi hufanya kazi kwa vitu vitatu: joto, unyevu na uzito. Melini joto limekatazwa. Viwili vilivyobaki vipo, na vinasaidiwa na kitu cha nne ambacho nyumbani asubuhi ya kazi huwa hakipo: muda. Usiku mmoja ni mrefu, na nguo ikipewa usiku mzima hujinyoosha kwa kiasi ambacho wengi hawakitarajii. Kwa nini iwe hivyo, jibu limo ndani ya uzi.

Pamba ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikana kwa vifungo vya haidrojeni. Maji yakiingia, au hata jasho la mgongoni, vifungo hivyo huachia na minyororo husogea. Kitambaa kikikauka, vifungo hushika upya pale pale vilipokutwa. Kama wakati huo shati lilikuwa limekaliwa kwenye kiti cha basi la matembezi, mkunjo ndio unaokuwa umbo lake jipya. Kwa sababu hiyo hiyo mkunjo huo hauondoki kwa kukung'uta. Mpaka vifungo vilegezwe tena kwa unyevu, kisha vikaukie mahali panapotakiwa.

Vitambaa hutofautiana sana katika kunywa unyevu. Katika hali ya kawaida ya maabara, pamba hubeba maji ya takriban asilimia 8 ya uzito wake, sufu takriban mara mbili ya hapo, na poliesta haifiki hata nusu asilimia. Molekuli za poliesta hazilegei mpaka joto lipande hadi karibu nyuzi 70 au 80 za Selsiasi, joto ambalo mwili wa binadamu haulifikii kamwe. Ndiyo maana gauni la poliesta hutoka sandukuni kama lilivyoingia. Kitambaa hiki kilibuniwa mwaka 1941 na wakemia wawili wa Uingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, wakifanya kazi na kampuni ya kuchapa vitambaa huko Manchester, na waliovaa suruali za miaka ya 1970 wanaikumbuka kwa jina la biashara la Terylene. Wengi waliikimbia baadaye kwa sababu inahifadhi joto na harufu. Kwa safari ya bahari, hata hivyo, mchanganyiko wa poliesta na pamba ni mali.

Sufu ni habari nyingine. Watu wa nchi za joto huikwepa wakidhani ni ya baridi tu, na hapo hupoteza. Uzi wa sufu kwa asili umejiviringa kama springi, ukikunjwa hutaka kurudi. Suti ya sufu nyepesi iliyofika imekunjamana, ikitundikwa usiku kucha kwenye henga pana karibu na bafu lililotoka kutumika, asubuhi huwa imejirudi yenyewe. Mwanamume anayepanga kununua suti moja ya safari asinunue ya pamba wala ya kitani. Kitani ndicho kitambaa kigumu kuliko vyote kwa jambo hili: uzi wake haunyumbuki, na ukikunjwa unabaki umekunjwa. Anayekipenda akivae mchana ufukweni, ambako mikunjo ya kitani huhesabiwa kuwa sehemu ya vazi, asikitegemee kwa chakula cha jioni.

Kuna mtu mmoja ambaye kila msafiri mwenye shati lisilohitaji pasi anapaswa kumjua. Ruth Benerito, mkemia aliyezaliwa New Orleans mwaka 1916, alifanya kazi katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini humo, wakati ambapo wakulima wa pamba walikuwa wakipoteza soko kwa vitambaa vya kiwandani. Yeye na wenzake walipata njia ya kuifunga minyororo ya selulosi kwa viungo vidogo vya kemikali, mithili ya vipago vya ngazi, ili isiteleze ovyo inapolowa. Pamba ikaanza kufuliwa, kutundikwa na kuvaliwa. Mama huyu alijipatia hataza 55 na alifariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 97. Kabla ya pamba alikuwa ameshatengeneza mchanganyiko wa mafuta wa kulisha majeruhi kwa njia ya mshipa wakati wa vita vya Korea, na ni haki akumbukwe kwa yote mawili.

Mashati ya namna hiyo yanapatikana leo katika maduka mengi. Yana kasoro zake: hukakamaa kidogo, na uzi wake huchakaa mapema kuliko pamba isiyotiwa dawa. Yafuliwe mara moja kabla ya kuvaliwa, maana dawa nyingi zinazotumika zina asili ya fomaldehaidi na ngozi za wengine hazipatani nayo.

Wanawake wa Mombasa, Unguja na Maskati hawana haja ya kusomeshwa haya. Mabuibui mengi ya siku hizi ni krepu au kitambaa laini cha poliesta, hukunjwa yakatiwa kwenye mkoba, yakatolewa na kuvaliwa papo hapo. Anayepanda meli katika bandari ya Matrah, Maskati, kwa mzunguko wa Ghuba anaweza kutumia buibui moja zuri usiku baada ya usiku, akibadilisha mtandio na vito, bila kufikiria pasi hata mara moja. Na kwa magauni, maua husaidia. Mchoro wa kitenge au kanga huyachanganya macho, mkunjo mdogo usionekane, wakati gauni la rangi moja, hasa jeupe au la bluu iliyoiva, huonyesha kila kitu chini ya taa za ukumbi.

Ikiwa kitambaa ni nusu ya kazi, sanduku ni nusu nyingine. Katika enzi za meli za mvuke matajiri walilimaliza tatizo hili kwa ukubwa wa mizigo. Mwaka 1858 Louis Vuitton alianza kuuza masanduku yenye kifuniko bapa mjini Paris, yanayoweza kupangwa moja juu ya jingine, na baadaye yakaja masanduku ya kusimama wima yenye henga na droo ndani, kabati zima lililosafiri na mwenyewe. Charlotte Cardeza wa Philadelphia alipanda Titanic mwaka 1912 akiwa na masanduku makubwa 14, mabegi manne na makasha matatu, ndani yake mkiwa na magauni 70 na jozi 91 za glavu, pamoja na mtumishi wa kumtunzia. Aliokoka. Nguo zilizama, naye akaidai kampuni ya meli fidia ya dola 177,352.75.

Msafiri wa leo ana begi moja na hana mtumishi, kwa hiyo anahitaji akili. Adui ni mkunjo mkali, ule wa pembe, na sanduku likiachwa na nafasi tupu nyingi nguo huteleza na kujipinda zenyewe. Njia inayofaa zaidi kwa mashati, magauni na makoti ni ya kufungasha kwa tabaka. Kanga moja hutandazwa kitandani, juu yake hulazwa koti, kisha magauni, kisha mashati, kila moja likielekezwa upande wake. Katikati huwekwa kifuko kilichojaa nguo za ndani na soksi. Halafu mikono na pindo za nguo huzungushwa juu ya kifuko hicho, moja baada ya nyingine kuanzia ya juu, mpaka koti linakuwa ganda la nje, na kanga inafunga yote. Hakuna nguo iliyokunjwa kwa pembe. Zote zimezungushwa kwenye kitu laini. Kanga yenyewe itavaliwa ufukweni.

Fulana, suruali za jinzi na nguo za kufuma hazihitaji heshima hiyo. Zisokotwe zijaze pembe za begi. Mifuko laini ya nailoni ambayo dobi huvalishia suti nayo isitupwe: koti likilazwa ndani yake huteleza badala ya kusuguana na majirani. Ile mifuko ya kunyonya hewa, kwa upande mwingine, haifai hata kidogo kwa safari hii. Huokoa nafasi kwa kuikandamiza nguo ikiwa imejikunja, na huo ni ufundi wa kutengeneza makunyanzi.

Jambo moja la mpangilio wa meli huwashangaza wageni. Masanduku makubwa huchukuliwa na wapagazi bandarini na mara nyingi hufika vyumbani jioni, saa nyingi baada ya mwenyewe kupanda. Vazi la usiku wa kwanza, na suti kama ipo, visafiri mkononi katika mfuko wa nguo, vitundikwe mara mlango wa chumba unapofunguliwa. Sanduku likifika lifunguliwe lote usiku huo huo, hata kama muziki unaita. Kila saa ambayo shati la pamba linakaa limebanwa katika hewa ya bahari ni saa ya kuufundisha uzi tabia mbaya.

Vyumba ni vidogo na henga ni chache. Lakini kuta zake katika meli nyingi ni za chuma, na hapo ndoana za sumaku, zile zinazouzwa kwa bei ndogo, huwa kabati la pili. Henga zikizidi, mhudumu wa chumba huombwa aongeze.

Na kama, pamoja na hayo yote, nguo imetoka imejikunja?

Waliosoma shule za bweni wanalo jibu tangu utotoni. Jumamosi sare hufuliwa, jioni suruali au sketi hutolewa kambani ikiwa na unyevu kidogo, marinda hupangwa moja moja kwa vidole, kisha hulazwa chini ya godoro na mwenyewe hulala juu yake. Jumatatu paredini mistari inaonekana. Ni elimu ya fizikia iliyofanywa na wanafunzi bila kuambiwa: unyevu umelegeza vifungo, uzito umeviweka mahali, muda umevikausha. Melini njia hiyo inafanya kazi vile vile. Suruali inyunyizwe maji kidogo sana, mistari ilinganishwe, ilazwe kati ya taulo mbili kavu chini ya godoro, na iachwe hadi asubuhi. Mhudumu aambiwe, asije akashtuka anapotandika.

Kwa gauni la hariri, au chochote kisichopaswa kulaliwa, kuna mvuke wa bafuni. Nguo itundikwe mbali na maji yanaporuka, mlango ufungwe, na mtu aoge kama kawaida yake. Baada ya robo saa hivi ailainishe kwa viganja kutoka juu kwenda chini na kuiacha ikauke ikiwa imening'inia. Maji ya moto yasifunguliwe kwa ajili ya nguo peke yake. Sehemu kubwa ya maji safi ya melini hutengenezwa humo humo kutokana na maji ya bahari, kwa kuyavukiza au kuyasukuma katika vichujio, na kila lita inagharimu nishati. Mlango wa bafu pia usifunguliwe ghafla mvuke ukiwa mzito, kwa sababu baadhi ya vihisi moshi huuchukulia mvuke kuwa moshi, na king'ora kikilia korido nzima itatoka na mataulo.

Pamba hupenda dawa ya kupuliza: zile zinazouzwa madukani, au maji ya kikombe kimoja yaliyotiwa kijiko cha chai cha sabuni ya kulainisha nguo. Hupulizwa hadi kitambaa kinyevuke, si kilowe, kisha nguo huvutwa taratibu pande zote na kutundikwa. Ijaribiwe kwanza kwenye pindo la ndani. Hariri isiguswe na dawa hii, hubaki na madoa ya maji. Kola na vifungo vya mikono, ambavyo ndivyo macho ya watu hutua, humalizwa kwa mashine ya kukaushia nywele iliyomo chumbani, huku mkono mmoja ukivuta kitambaa kikaze.

Wapo wanaonyoosha kola kwa kile chuma cha kunyooshea nywele. Makala hii haiwaungi mkono. Baadhi ya vyuma hivyo hupanda hadi zaidi ya nyuzi 200, poliesta huota mng'ao wa kuungua kabla mtu hajatambua, na ile sababu iliyoizuia pasi inakuwa imerudi kwa mlango wa nyuma.

Meli nyingine zina vyumba vya kufulia vya abiria, na humo pasi ipo, imefungwa mahali inapoangaliwa. Cunard huvitoa bila malipo, Princess na Disney wanavyo pia, mashine zao zikiwa za kulipia. Royal Caribbean haina. Tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya rangi za mapazia, na ajabu ni kwamba watu hulinganisha bei za vyumba wiki nzima bila kuiuliza. Wanaovitumia vyumba hivyo waende wakati wenzao wako nchi kavu au mezani. Siku ya kuwa baharini kutwa, kabla ya usiku wa mavazi rasmi, foleni huwa ndefu na hasira fupi. Tena mtu asitoe nguo za mwenzake mashineni bila kumngojea walau dakika chache. Shati likitolewa likiwa bado na joto na kutundikwa papo hapo, mara nyingi halihitaji kitu kingine.

Pia ipo huduma ya kunyooshewa. Chumbani kuna mfuko na fomu ya bei. Nguo hutolewa asubuhi na kurudi kesho yake, wakati mwingine jioni ile ile kwa nyongeza. Bei hutozwa kwa kila nguo. Kwa mtu mwenye mavazi mawili rasmi, hii ni fedha inayotumika vizuri: mavazi hayo mawili yapelekwe siku ya kwanza, kabla mfuko wa dobi haujajaa ya wengine, na mengine yote yashughulikiwe kwa maji na godoro. Wafanyakazi wa sehemu hiyo hawaonekani kamwe na abiria. Wako chini kabisa ya meli, katika joto na kelele za mashine, wakipokea mashuka, mataulo na sare za maelfu ya watu kila siku. Fomu ijazwe kwa mwandiko unaosomeka, mifuko ya suruali ikaguliwe, na asante iandikwe.

Mwisho wa yote, ni vema kujua kama nguo rasmi zinatakiwa kweli. Norwegian iliachana na usiku wa lazima wa suti tangu mwaka 2000, na Virgin Voyages ilianza safari bila kanuni ya mavazi ya aina hiyo. Cunard imeshikilia desturi: katika safari ya siku saba ya Queen Mary 2 kati ya Southampton na New York kwa kawaida kuna jioni mbili za sherehe ambazo wanaume hutarajiwa kuvaa suti nyeusi. Hata hivyo kanuni yake inakubali pia vazi rasmi la kitaifa. Mzee wa Lamu anaweza kuingia ukumbini na kanzu yake, koti juu na kofia ya kushonwa kwa mkono, akawa amevaa kikamilifu kuliko wengi waliokodi suti. Achague tu kanzu ya pamba iliyochanganywa na poliesta, na akifika aitundike kabla hajafanya lolote jingine.

Orodha za vitu vilivyokatazwa hubadilika, na kila kampuni ina yake. Anayejiandaa kwa safari mwaka huu aisome ya meli yake kabla ya kulipa, aulize kama kuna chumba cha kufulia cha abiria na bei ya kunyooshewa shati moja ni kiasi gani. Na kama ameshanunua kile kifaa cha mvuke cha mkononi, asikipakie. Ampe ndugu anayebaki nyumbani.